Nilimwambia Binti Yangu Tulimwokota Tanurini

Lalla Saadia wa redio, nimemkosea binti yangu Batoul. Nalitanguliza hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi ya kujitetea nitajitetea mpaka adhana ya alasiri. Mimi ni Driss, mwenye tanuri la mtaa huku Sefrou, upande wa mtoni, watakaonitambua na wanitambue, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la maranda, nimetoka kukimbia kutoka tanurini mpaka nyumbani na kurudi, kwa sababu leo Jumatatu asubuhi nimejua kitu kuhusu mwanangu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka minne nzima, na hapa nilipo sijui nicheke au nijipige makofi.

Batoul ana miaka minane na ndiye mtoto wetu pekee, mimi na mke wangu Zhor. Shuleni mwalimu wake anamsifu, eti mtulivu, eti anawagawia wenzake penseli. Lakini kwetu, Lalla Saadia, kwetu ni moto. Sisemi kununa, kila mtoto hununa. Huyu uso unakuwa mweupe kwanza halafu unawaka, anapiga kelele mpaka sauti inakatika, anarusha chochote kilicho karibu, anapiga teke, anauma, hapa kwenye kiganja changu cha kushoto kuna alama ya meno yake na ninaitazama sasa hivi, na hali hiyo inakwenda dakika ishirini, nusu saa, halafu analala palepale sakafuni kama taa iliyozimwa. Tumejaribu kila kitu. Mama mkwe wangu, Lalla Fettouma, aliyeyusha risasi, ile ya madini, akaimwaga kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa cha Batoul ili kutoa kijicho, ile risasi ikaganda na sura kama ya jicho, akasema mnaona, ni jicho la jirani, Batoul akalipiga bakuli teke likaruka mpaka uani, na jirani naye aliposikia akatununia miezi miwili. Tulimpeleka ziarani kwa walii mara mbili. Kiangazi tulipotaka kwenda Guercif kwa dada yangu Itto kwa wiki moja tu, alishikilia nguzo ya mlango kwa mikono miwili na basi likatuacha. Na siku yoyote mama yake akimwambia leo usiende tanurini kaa nyumbani, ndiyo vurugu inaanza. Mimi nilijisifu kwa hilo, nikawaambia watu, mtoto wa mchoma mikate huyo, anapenda harufu ya mkate kuliko pipi.

Sasa nikufikishe kwenye kosa lenyewe. Kazi yangu unaijua, kila nyumba inaleta mikate yake mibichi juu ya ubao, imefunikwa kitambaa, mimi naichoma, mchana wanakuja kuichukua. Hakuna jina linaloandikwa popote, mkate wa kila nyumba naujua kwa sura kama ninavyozijua sura za watu. Na kuna siku unabaki mkate mmoja, mtu kasahau au kasafiri, nauweka kwenye rafu ya mlangoni, ukilala pale siku mbili anachukua anayetaka. Basi Batoul alipokuwa na miaka minne nilianzisha utani. Kila mzazi hapa kwetu ana utani wa namna hiyo, mwingine anamwambia mtoto tulikununua kwa muuza mboga, mimi mwenyewe baba yangu alikuwa akiniambia aliniokota kwa muuza makaa nikawa nacheka. Nikamwambia, "Wewe tulikukuta hapa juu ya ubao, umefunikwa kitambaa, jioni ikafika hakuna mwenyewe aliyekuja kukuchukua, basi mama yako akasema haya tumbebe." Watu waliokuwa pale wakacheka. Batoul akapiga kelele. Watu wakacheka zaidi. Lalla Saadia, nakiri, nilipenda kile kicheko.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya mlangoni pangu. Mtu akija kuchukua mikate anauliza, "Fundi Driss, na huyu bado hajapata mwenyewe?" Nami najibu, "Bado, wewe hutaki?" Hajja Tamou, anayekaa ghorofani juu ya tanuri, alikuwa akichungulia dirishani, "Batoul, jana alipita mama mmoja anakutafuta, nikamwambia amekwenda shule!" Na Batoul anawaka, na sisi tunashika mbavu. Tukampa jina, Moto wa Driss. Miaka minne.

Jumamosi iliyopita ndipo mambo yalipopasuka. Unajua mwezi wa Shaabani tanuri linavyokuwa, lozi za kila nyumba, ufuta wa kila nyumba, masinia ya biskuti za Ramadhani mpaka kwenye ngazi, watu wamebanana. Akaja mama mmoja mgeni kutoka Fes, yuko kwa nduguze hapa mtaani, mchangamfu, na mimi kwa kutaka kumfurahisha nikasema, "Mama, una nafasi nyumbani? Mchukue huyu, hana mwenyewe." Yule mama akamshika Batoul mkono, "Haya twende, nina kitanda kizima hakilaliwi!" Batoul hakupiga kelele. Akamtazama usoni, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Ni wewe?" Yule mama akasema, "Ndiyo mimi, nimekutafuta sana." Tukacheka wote. Halafu akamwachia mkono, akambusu kichwani, "Nakutania, mwanangu," akachukua mkate wake akaenda zake.

Hapo, Lalla Saadia, sijawahi kuona kitu kama kile. Alivuta masinia matatu ya lozi za Hajja Tamou yakaanguka chini, akavuta na mbao mbili za watu, lozi zimetapakaa mpaka barabarani, anapiga mateke, anapiga kichwa ukutani, na mimi mbele ya watu wote nikampiga makofi mawili ya uso. Halafu nikamwambia, na huu haukuwa utani, nilikusudia, "Ijumaa shangazi yako Itto anakuja kukuchukua Guercif, ukakae huko, na mimi nipumzike." Akanyamaza papo hapo. Nikadhani nimeshinda. Nikawaambia watu, mnaona, dawa yake kumbe ilikuwa hiyo.

Leo asubuhi niko na koleo langu la kuingizia mikate, mikate iko ndani, namwona Zhor anakuja mbio, unga mikononi mpaka viwikoni, hana hata ushungi wa maana.

"Driss, toka!"

"Mikate iko ndani."

"Nakwambia toka! Mwanao amefunga begi lake mwenyewe. Nguo, daftari, kila kitu. Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza, 'Mama, nikienda Guercif, wale walioniacha tanurini wakija watajuaje niliko? Baba atawaelekeza?'"

Mimi nikaegemeza koleo ukutani.

Zhor akasema, "Driss, anaamini. Miaka yote hii mtoto anaamini. Kila siku akitoka shule anakuja kukaa hapo mlangoni pako, ulidhani anafuata harufu? Anawasubiri!"

Niliacha mikate ndani, nikamwambia mteja mmoja aitoe, nikakimbia. Nikamkuta ameketi juu ya begi. Nikapiga magoti, nikamwambia, mwanangu, ule ulikuwa utani, wewe ni wetu, mama yako ndiye aliyekuzaa. Nilidhani atanirukia shingoni. Lalla Saadia, aliwaka kuliko Jumamosi. Alipiga kelele, "Utani upi? Ule au huu? Ulisema kweli, watu wote walisema kweli, na sasa unasema utani kwa sababu naondoka!" Akanirushia kiatu, akanirushia sukari na bakuli lake, na nilipotoka alikuwa amelala sakafuni na mama yake yuko pembeni yake.

Naomba uniambie la kufanya. Nina aibu, lakini pia nina furaha ya ajabu, nisikufiche, nilipokuwa nakimbia kurudi tanurini nilitaka kuwapigia watu kelele njiani kwamba mwanangu hana jini, mwanangu alikuwa na swali na hakuna aliyemjibu! Ila haniamini. Itto anakuja Ijumaa baada ya swala na amekwishatandika kitanda. Lalla Fettouma anasema mwache aende, akakae na nidhamu ya shangazi, atarudi amepoa. Zhor akiulizwa anaosha vyombo kwa nguvu tu. Mtu anaufutaje uongo alioujenga miaka minne? Niambie haraka, naona kama kila saa inayopita mtoto anazidi kwenda mbali na mimi.

Jibu la Lalla Saadia, Jumanne asubuhi

Driss, kunywa maji kwanza. Umekunywa? Sasa nisikilize, na wewe Zhor acha hivyo vyombo usogee karibu na redio.

Unanishangaza, bwana. Unamwambia mtoto jambo moja kila siku kwa miaka minne, watu wazima wa mtaa mzima wanatikisa kichwa na kuongeza chumvi, mmoja anasema jana mama yako alipita hapa, halafu unashangaa kwamba aliamini? Angefanya nini kingine? Wewe mtaa mzima ukikuambia kila asubuhi kwamba tanuri hilo si lako na mwenyewe anakuja, ungekaa kimya? Ungerusha masinia mapema kuliko yeye. Mnamwita Moto. Kuni nani aliyekuwa anazitia?

Na mwalimu alikwishakuambia, hukusikia. Shuleni mtulivu. Kwa nini shuleni mtulivu? Kwa sababu huko hakuna anayemuuliza mwenyewe ni nani. Badala ya kujiuliza hilo mkamwagia risasi juu ya kichwa. Lalla Fettouma, wewe ni kama mama kwangu, nakuheshimu, lakini hiyo risasi iweke kabatini na ufunguo unipe mimi.

Haya, nimekugombeza, sasa nikupe haki yako. Uliacha mikate ndani ukakimbia. Ulipiga magoti. Wapo akina baba wanaoniandikia kuniomba niwatafutie mtu wa kumtisha mtoto zaidi. Wewe umeniomba njia ya kurudi kwake. Njia ipo, ila haipiti kwenye maneno "nilikuwa natania". Mtoto wako ana akili kukuzidi, amekuuliza utani upi. Neno lako kwake sasa hivi halina uzito. Unahitaji mashahidi.

Kwa hiyo, simu kwa Itto leo. Siyo kesho. Mwambie mtoto hatoki. Kama amekwishanunua zawadi aje kama mgeni, ale, na aondoke peke yake kama alivyokuja. Ukimpeleka Batoul Guercif Ijumaa hii, utakuwa umemthibitishia kila neno la ule uongo, na hapo usiniandikie tena, maana sitakuwa na la kukuambia.

Yale makofi mawili, yaombee msamaha peke yake. Usiyachanganye na mengine, na usitie neno "lakini". Ukisema "lakini na wewe ulimwaga lozi" umeyarudia makofi.

Uongo huu ulijengwa wapi? Mlangoni pa tanuri, mchana, mbele ya watu wenye mbao zao mikononi. Utabomolewa palepale, saa ileile, mbele ya walewale. Si chumbani kwa kunong'onezana. Mwambie Batoul kabla, aamue mwenyewe atakaa wapi, au kama hataki kuja kabisa. Usimsimamishe katikati ya watu, amekwishakuwa tamasha la kutosha. Kitabu cha familia chenye jina lake mwonyeshe, ni vizuri, lakini mtoto hafarijiwi na muhuri. Usiishie kusema ambacho hakikutokea. Mwambie kilichotokea. Siku aliyozaliwa wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini, ulivaa nini, nani alikuona? Umempa hadithi ya uongo yenye ubao na kitambaa na jioni, ya kweli iko wapi? Hujawahi kumpa hata moja! Itafute, itafutie watu walioiona, na uisimulie wewe.

Na nisikudanganye, Driss. Usidhani baada ya hapo utalala na mwanakondoo. Mtoto huyu ana hasira zake, nyingine ni zake tu kama macho yake yalivyo yake, na mwili uliozoea kuwaka miaka minne hauzimiki kwa hotuba. Wiki ijayo atapiga kelele kwa sababu ya soksi. Usimwambie "si nilikwishakueleza". Atakapowaka, funga mdomo. Watoe watu, ondoa vyombo, kaa chini sakafuni mahali anapokuona, usimzibe mlango, usimbane ila kama anataka kujiumiza. Husemi, huhubiri, huapi. Unakaa tu. Ikiisha mpe maji, na umwache alale akitaka. Baadaye, siku ileile, mkiokote pamoja kile alichokimwaga, wewe na yeye, bila mahubiri. Mkiendelea hivyo mpaka shule zifungwe na bado kila siku anawaka au anajipiga kichwa, mpeleke kwa daktari wa watoto, na uende kifua mbele kama anayempeleka mtoto mwenye homa.

Na ninyi wa mtoni mnaonisikiliza mnatabasamu, nawajua. Kila mmoja wenu aliyewahi kusema "bado hajapata mwenyewe?" ana deni la kufika pale na kunyamaza vizuri kama alivyocheka vizuri.

Driss, niandikie siku na saa. Sitaki "Inshallah hivi karibuni". Siku na saa, nizisome hapa redioni mtaa mzima usikie, usipate pa kuponyokea.

Ujumbe wa Driss, Jumanne adhuhuri

Lalla Saadia, siku aliyozaliwa niliunguza mikate ya mtaa mzima! Umeniuliza nilikuwa wapi, nikasimama na koleo mkononi kama mtu aliyepigwa na radi, nimesahau vipi jambo kama hilo? Ilikuwa asubuhi ya theluji, tanuri limejaa, mtu akapiga kelele mlangoni, "Driss, Zhor amejifungua, msichana!" nikakimbia na koleo begani mpaka hospitali, mlinzi akataka kunizuia nalo, nikampita, nikambeba mtoto nina unga kwenye kope, na sikukumbuka mikate mpaka alasiri. Mbao sitini za mikate, Lalla Saadia, sitini, yote makaa! Miaka ishirini na mbili ya kazi, ni siku hiyo moja tu. Mtaa mzima walikula makaa na supu, na hakuna aliyenigombeza.

Nimempigia Itto. Alinuna, halafu akalia, halafu akasema atakuja kula tu. Nimepanda kwa Hajja Tamou kumwomba radhi ya lozi, akanikatisha, "Lozi zinaokotwa, Driss. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Ule mkate wetu wa makaa wa siku aliyozaliwa niliukwangua kwa kisu, watoto wangu wakaula na asali, na nitalisema hilo mbele ya watu."

Makofi nimeyaombea msamaha. Baadaye aliwaka kwa sababu mama yake alilisogeza begi lake pembeni, nikakaa chini sakafuni, nikafunga mdomo kama ulivyosema, nikapata teke moja la goti, ikachukua dakika kumi na moja, nilihesabu. Alipokunywa maji ndiyo akaniuliza.

"Watakuwepo wote waliocheka?"

"Wote nitakaoweza kuwapata."

"Na wakicheka tena?"

"Nafunga tanuri, wakachome mikate yao mwezini."

"Mimi nitakaa dirishani kwa Hajja. Niwaone wao, wao wasinione."

"Sawa."

"Na ukidanganya hata kidogo nitapiga kelele."

"Piga, Batoul. Piga mtaa usikie."

Basi soma hii redioni, Lalla Saadia, isome pole pole. Kesho Jumatano, saa tano na nusu asubuhi, mikate ikiwa imeiva na watu wote wako mlangoni, kabla sijamkabidhi mtu ubao wake hata mmoja, mimi Driss nitasimama pale na kusema kwamba nilidanganya miaka minne ili watu wacheke, kwamba Batoul ni binti yangu na wa Zhor, hakuokotwa popote, na nitawataja kwa majina, nyumba kwa nyumba, wote sitini waliokula mkate wa makaa siku aliyozaliwa.